Kopo la Vishikio

Nyumbani kwetu maji ya kuoga tunachemsha kwenye sufuria. Cheka tu, kila mtu anacheka. Mume wangu ni fundi wa hita za gesi, amezifunga na kuzitengeneza tangu hajaota ndevu, na mimi mkewe nabeba sufuria ya maji moto kutoka jikoni hadi bafuni huku napiga kelele "Njia! Njia!" kama mchukuzi wa sokoni. Nikimuuliza, "Baba watoto, na sisi yetu lini?" ananipa jibu lile lile la siku zote: "Subiri kwanza." Bafu letu liko katikati ya nyumba, halina ukuta unaotazama nje, sasa moshi wa hita utatokea wapi? Basi nasubiri. Nimezaa nasubiri, nimelea nasubiri, na mvi zimenikuta hapo hapo na sufuria yangu.

Mtaani ndivyo wanavyomwita, Subiri. Sidhani kama nusu ya watu wanajua jina alilopewa na wazazi wake. Utamwita hita yako imeharibika, umevaa taulo, povu limekujaa masikioni, atafika na begi lake la spana halafu hata kuigusa hataigusa. Kwanza anatazama juu. Anafuata kwa macho lile bomba la bati linalotoka kichwani mwa hita kupeleka moshi nje. Kisha anatoka, anazunguka nyumba, anatafuta mdomo wa bomba ukutani. Watu wanamwitia dirishani, "Fundi, hita iko huku ndani!" Naye huko nje, "Subiri kwanza." Akirudi anawasha kijiti cha kiberiti, anakisogeza kwenye uwazi wa juu wa hita, anaangalia. Mwali ukivutwa kuelekea bombani, anatabasamu, anafungua begi. Ukisukumwa kumrudia yeye usoni, hapo mjue hamuogi.

Alishanieleza mara nyingi, na mimi nakueleza hivyo hivyo. Ule moto ukikosa pa kupumulia, hewa yake inarudi bafuni. Haina rangi, haina harufu. Mtu anaoga huku anaimba, kichwa kinamuuma kidogo, miguu inalegea, anakaa chini apumzike. Hainuki tena. Sasa jaribu kumwambia hivyo mtu aliyevaa taulo! Atakutazama kama unamtisha ili umuuzie kitu.

Ndiyo maana akawa na desturi yake ya vishikio. Zamani alikuwa akikuta hita mbaya anafungua mpira wa gesi, anauacha unaning'inia. Akagundua watu wanaurudishia wenyewe kwa kufunga kamba ya tairi, na gesi inavuja ndani kwa watu. Kuibeba hita yenyewe hawezi, si mali yake. Basi akaanza kuchomoa kile kishikio cha mviringo mbele ya hita, kile unachobonyeza na kuzungusha ili gesi ije na moto uwake. Anakitia mfukoni. "Mkishatengeneza bomba nipigieni, nakuja nakirudisha siku hiyo hiyo." Huku kwetu kuna kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, limejaa vishikio. Vyeusi, vyeupe, kimoja cha rangi ya maziwa mgando, kila kimoja kina kitambaa alichoandika alama: geti bluu, ghorofani kwa mshonaji, nyumba ya mbwa. Wengine walipiga simu, akawarudishia. Wengi hawakupiga. Mimi nilikuwa namtania, "Umewafanya wote wawe kama sisi, watu wa masufuria." Akawa anacheka. Kwa kweli lile kopo lilikuwa linampa raha. Akilitazama, analala fofofo.

Halafu akaja Dakika Mbili. Huyu naye fundi, tena kijana mtanashati, ana pikipiki na kinywa cha asali. Hita yako inajizima katikati ya kuoga? "Dakika mbili tu, mama yangu." Ndani ya hita kuna kidude cha waya mbili, kazi yake ni kuukata moto pale moshi unaporudi ndani. Dakika Mbili anakata zile waya, anazisokota pamoja, anafunika. Hita haizimi tena. Watu wakamsifu mpaka basi: huyu ndiye fundi, hita zake unazitegemea, si yule mzee wa kutuzimia. Nyumba hadi nyumba akatunyang'anya wateja. Nikamwambia mume wangu bila kumung'unya maneno, "Baba, na wewe funga mdomo, tengeneza wanachotaka, kila mtu abebe wake." Akaniambia subiri kwanza. Nilitamani kumrushia mwiko.

Sasa nikwambie habari ya dada yangu, maana kinachonichoma ni hicho.

Dada yangu mkubwa ndiye mama niliyemjua. Mama yetu alitutoka mimi sijaanza shule, na dada akaacha ya kwake akawa anafua na kupiga pasi nguo za watu ili mimi nisome. Alinifunga nywele, alinichapa, alinificha nisichapwe. Alipata mtoto mmoja tu, binti, na kwa binti huyo dada hajiwezi. Binti alipojifungua, tena kwa kupasuliwa, mumewe yuko kazini mbali, dada akamchukua kwake na kichanga chake. Binti ananiita mimi mama mdogo, na mume wangu baba mdogo, na binti huyo alikuwa mcheshi, jamani, akianza kuigiza watu unashika mbavu. Mtoto wake alimpa jina la utani siku ya kwanza, Bosi, kwa sababu eti kila mtu anakimbia akilia.

Dada akapiga simu. "Shemeji, njoo uniangalizie hita, inanifanyia vituko. Mzazi yuko na sabuni kichwani, inazima." Tukaenda wote wawili, mimi nina hamu ya kumpakata Bosi.

Mume wangu akaingia bafuni, akatazama juu. Dari ilikuwa mpya, nyeupe pe. Mwenye nyumba alikuwa ameifanyia nyumba ukarabati, na mafundi wake walipokuta bomba la moshi linawakera, wakalikata fupi, wakalifunika na dari. Lilikuwa linapanda, linaingia kwenye tundu safi kabisa, na linaishia humo humo gizani. Ukitazama kwa chini huwezi kujua; yeye alijua alipozunguka nje akakosa mdomo wa bomba. Akawasha kiberiti. Mwali ulimlalia usoni, ukafa.

"Dada, hita nzima kabisa," akasema. "Inajizima ili msife."

"Sasa si uifanye isizime?"

"Subiri kwanza. Nitatoboa ukuta, nitapitisha bomba jipya, kazi ya asubuhi moja. Mwenye nyumba akubali tu."

Akapigiwa mwenye nyumba. Huyo alikuja juu: ukuta ameupaka rangi juzi, atakayeugusa atamtambua yeye ni nani. Akakata simu. Mume wangu akafanya kama anavyofanya kwa watu wote. Akakizungusha kishikio, akakichomoa, akakitia mfukoni.

Dada akamtazama kama ametukanwa. "Shemeji! Mimi? Unanifanyia mimi kama mpangaji wa njiani?"

"Kwako ndiyo zaidi, dada."

"Mwambie mumeo," akanigeukia. "Mwambie kuna mzazi humu, ana kidonda, na mtoto hata kitovu hakijakauka."

Nikasema neno ambalo kwangu lilikuwa la kawaida tu. "Dada, tuchemshe sufuriani. Mbona sisi tunachemsha?"

"Nyinyi mmezoea dhiki mkaifanya dini," akasema. "Wewe mwenyewe nilikuogesha kwa maji ya moto niliyobeba kichwani mwangu, shingo hii mpaka leo inaniuma. Niliapa mwanangu hatabeba." Akaingia chumbani, akatuachia sebule.

Nikawa naenda kila asubuhi. Nawasha jiko, nachemsha, nabeba mimi, namuogesha Bosi, binti anatuchekesha kitandani. Dada ananijibu kwa mkato. Nikasema moyoni, atapoa, nani ataninunia mimi milele? Halafu siku moja akanipigia, sauti laini kabisa: "Mdogo wangu, usijisumbue tena. Mkwe ametuletea msichana wa kazi, anatusaidia kila kitu." Nikafurahi, mjinga mimi. Nikaona kumbe amepoa.

Hakukuwa na msichana. Kulikuwa na Dakika Mbili.

Nilikuwa naanika nguo dada aliponipigia tena, na sikuelewa neno hata moja isipokuwa jina la hospitali. Tulikwenda kama tulivyo, mimi na vibanio vya nguo kifuani, mume wangu na mikono ya masizi. Dada alikuwa sakafuni kwenye ukumbi, Bosi kifuani kwake anapiga kelele. Alituambia kwa vipande. Binti aliingia kuoga. Alikuwa ameziba dirisha kwa kanga ili upepo usije ukaingia hadi kwa mtoto chumbani. Maji yakaendelea kutiririka, yakaendelea, dada akaita, hakuna jibu, akasukuma mlango. Binti alikuwa amekaa chini ya ukuta, kichwa begani, kama mtu aliyesinzia kanisani. Maji yalikuwa bado ya moto. Hita ilikuwa inawaka vizuri sana.

Daktari alikuwa anadhani ni udhaifu wa uzazi, damu kupungua. Mume wangu akamsogelea, akamwambia, "Daktari, alikuwa bafuni, hita ya gesi, haina pa kutolea moshi." Yule daktari hakuuliza mara mbili. Alikimbia, haki ya nani, alikimbia na lile koti lake, wakamwekea hewa ya oksijeni puani. Na jioni binti akafumbua macho, akaomba maji. Sijawahi kulia vile.

Mume wangu alikuwa ametoka kwenda kwa dada kutazama. Aliporudi alikuwa amebeba hita nzima mikononi, ameing'oa ukutani, na mahali pa kishikio kulikuwa na plaizi. Unajua ukichomoa kishikio kinabaki kijiti cha chuma, kama kidole. Plaizi ilikuwa imekibana kijiti hicho, imefungwa na waya isidondoke. Dakika Mbili alikuwa amewaachia kabisa, zawadi. Unabonyeza plaizi, unazungusha, moto unawaka.

"Dada," akasema, "nani aliwasha hii?"

Nilitegemea dada ataangua kilio. Dada akasimama. Mtoto kamwegemea begani, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kuuma.

"Wewe ulijua," akasema. "Ulijua ni kifo. Ukachomoa kidude cha plastiki ukaenda nacho kwako, kifo chenyewe ukaniachia ukutani. Ungemkuta nyoka chumbani kwangu, shemeji, ungemkata mkia ukaenda zako?"

Nilipandwa na hasira nisione mbele. Nikamwambia nani alidanganya kuna msichana wa kazi, nani alimleta yule mhuni, nani aliziba dirisha. Nikamwambia mume wangu alimwambia mdomo kwa mdomo atakufa mtu. Naye akanijibu, nikamjibu, mpaka muuguzi akatutoa nje wote wawili kama walevi. Tangu siku hiyo dada yangu hanipigii simu. Mimi nampigia. Inaita, inaita, inakatika.

Nilidhani mume wangu atayapuuza maneno ya dada, maneno ya mtu aliyechanganyikiwa. Asubuhi yake nikamkuta amelishusha kopo kutoka kabatini, anavaa viatu. "Unakwenda wapi hujanywa chai?" Akasema, "Naenda kuwatembelea." Nikajifunga kitambaa, nikamfuata.

Tulianza na geti bluu. Mama mwenyewe alitupokea kwa bashasha, "Aa, fundi Subiri! Umepotea!" Akatupeleka bafuni. Hita ilikuwa ukutani, bomba lake limevunjika vile vile, na kando yake, kwenye msumari, plaizi inaning'inia kwa kamba ya katani. Kamba ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya mikono.

"Mnaitumia?" mume wangu akauliza.

"Kila siku. Tulishaizoea." Akaichukua akatuonyesha, mama wa watu, anajivuna kabisa: "Unabana hapa, unabonyeza, unazungusha."

Ghorofani kwa mshonaji, spana ya baiskeli. Nyumba ya mbwa, plaizi, ya mkono mwekundu. Nyumba nyingine walipinda meno ya uma wa chakula yakashika kijiti barabara, na baba wa nyumba alitaka nimsifu. Kwingine wenyeji walihama, wapangaji wapya wanajua tu kwamba hita za mji huu zinawashwa kwa plaizi, ndivyo walivyozikuta. Nyumba baada ya nyumba mume wangu anatoa kishikio koponi, anakitazama, anakirudisha. Hakusema subiri hata mara moja. Bibi mmoja tu, peke yake, alikuwa ameiacha hita imezimika kweli, anaitumia kama rafu ya sabuni. Nilitaka kumbusu.

Tuliporudi akaweka kopo mezani. Hakula. Nikamwambia, "Baba, wewe uliwaambia. Mtu mzima ukimwambia moto akashika, ni shauri yake." Akatikisa kichwa.

"Nilikuwa nalala usingizi," akasema. "Miaka yote hii. Nikilitazama hili kopo, nalala."

Mimi ndiye niliyelala naye.

Siku hizi akikuta hita mbaya anaing'oa yote, bomba, mpira na kila kitu, anaibeba. Wamemwita mwizi. Walishampeleka polisi, nikaenda kumtoa, na afande alicheka mpaka akashika meza aliposikia ameiba nini. Kibarazani kwetu hita zimepangwa kama mawe ya ujenzi, kila mwenye hita akitaka yake aje na bomba. Wateja wameisha. Ni nani atamwita fundi anayeondoka na hita yako? Dakika Mbili bado anapita na pikipiki yake, tena ananipungia mkono. Nilimsimamisha siku moja, nikampa vidonge vyake mbele za watu. Akanisikiliza kwa heshima zote. "Mama yangu," akasema, "mimi nilitengeneza hita. Bafu si langu." Na watu waliokuwa wamesimama pale wakaitikia kwamba, kwa kweli, ana hoja.

Hita ya dada iko pale kibarazani na plaizi yake. Mume wangu hakubali iondolewe.

Na binti? Binti alitoka hospitali mzima, anacheka, anatembea. Tukasema ahsante Mungu, imepita. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuacha bomba la maji wazi. Akaunguza chungu. Akatoka kwenda dukani, jirani akamkuta amekaa ngazini, hajui alikuwa anaenda au anarudi. Daktari alieleza kwamba ile hewa ndivyo ilivyo, inaweza kumwachilia mtu halafu ikamrudia kichwani baadaye. Huenda itaisha, akasema, huenda isiishe. Dada anamfungia geti kwa kamba asitoke akapotea, na habari hizi nazipata kwa jirani yake, si kwake.

Juzi binti alikuja kwetu. Sijui alitokaje. Niliposikia hodi nikafungua, yeye huyo, Bosi mgongoni, ameijua njia. Nilipiga vigelegele peke yangu. Nikamvuta ndani, nikamkalisha, nikampokea mtoto, mzito siku hizi, ana meno. Jua lilikuwa kali na kitoto kimelowa jasho, nikaona nikiogeshe kabla ya kumpigia jirani amwambie dada. Nikachemsha maji sufuriani, nikachanganya na ya baridi kwenye beseni, nikajaribu kwa kiwiko kama dada alivyonifundisha. Bosi akapiga maji kwa viganja, anacheka, ananilowesha. Mume wangu alikuwa amekuja akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu siku zile nikamwona anatabasamu.

Binti naye alikuwa anatutazama kutoka kwenye kochi, mikono mapajani, kwa adabu, kama mgeni.

"Mama mdogo," akasema, "mtoto mzuri jamani. Wa nani?"

Nikamwambia, "Wako, mwanangu."

Akacheka sana, akajipiga paja, akamgeukia mume wangu mlangoni. "Baba mdogo, unamsikia mkeo? Siku hizi naye anajua utani."